Uliza Mwalimu: Lesotho iliishi vipi tumboni mwa makaburu?

Mwezi uliopita niliandika kidogo tu kuhusu foleni ya malori pale Malaba, na mwishoni nikaweka mstari mmoja kwamba Uganda ikikosana na sisi angalau inaweza kugeuka ipitie Tanzania, lakini iko nchi Afrika haiwezi kugeuka popote, imezungukwa pande zote na jirani mmoja. Huo mstari ndio umeniletea barua. Habari ya Malaba imesahaulika, watu wanauliza Lesotho, na mimi nimefurahi manake hii hadithi nimeibeba moyoni miaka mingi. Basi leo ukurasa wote ni wao.

Mwalimu, habari ya kazi. Mimi pia ni mwalimu, nafundisha historia shule ya upili hapa Kakamega. Wanafunzi wangu waliniuliza huyu Leabua Jonathan wa Lesotho alikuwa rafiki wa makaburu ama adui yao, kwa sababu mahali pengine tunasoma alikaa meza moja na Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu, halafu mahali pengine makaburu ndio walimfanya akaanguka. Nikajaribu kujibu nikakwama mbele ya darasa. Nisaidie. — Mwalimu wa historia, Kakamega

Mwalimu mwenzangu, alikuwa yote mawili, na usiwaambie wachague moja kwa sababu wakichagua hadithi yenyewe itawaponyoka.

Anza na ramani. Waambie watoe atlasi waweke kidole Afrika Kusini, hapo upande wa mashariki kuna kitu kama jicho, hiyo ndiyo Lesotho, kilomita za mraba 30,000 na kidogo, milima mitupu, hata mahali pa chini kabisa pako kama mita 1,400 juu ya bahari, yaani hakuna sehemu ya Lesotho iko chini kama Kisumu. Nchi zilizozungukwa kabisa na nchi moja ziko tatu pekee duniani, zile mbili zingine, Vatican na San Marino, ziko ndani ya Italia na wanaishi vizuri tu. Lesotho ilipata uhuru tarehe 4 Oktoba 1966 Mandela akiwa Robben Island, vyama vya watu weusi vimepigwa marufuku, na bendera ya makaburu inapepea kila upande ukitazama.

Sasa wewe ndio Leabua Jonathan, waziri mkuu. Wanaume wa nchi yako wako chini ya ardhi kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, miaka fulani walifika zaidi ya 100,000, na nyumbani kumebaki wamama, wazee na watoto wanangoja pesa ya mwisho wa mwezi. Mahindi yanatoka kwa jirani. Pesa iliyo mfukoni ni randi ya jirani. Ushuru wa forodha unakusanywa na jirani kisha anakugawia fungu lako, huo mpango ulikuwako tangu 1910. Uchaguzi wa 1965 chama chake, BNP, kilipata viti 31 kati ya 60, chembamba namna hiyo, na yeye mwenyewe akaanguka katika eneo lake ikabidi aingie bungeni kwa uchaguzi mdogo, na kipindi hicho hicho serikali ya Verwoerd ikampa magunia 100,000 ya nafaka agawie wenye njaa. Nani angekataa? Tarehe 2 Septemba 1966 akaenda kuonana na Verwoerd, siku nne baadaye Verwoerd akadungwa kisu ndani ya bunge akafa, na Januari 1967 Jonathan akaenda tena Cape Town kuonana na Vorster aliyeshika kiti. Wengi Afrika wakamwita kibaraka. Lakini hata siku hizo za kusalimiana hakukuwa na balozi wa kaburu Maseru, hilo aliliepuka, wakati Banda wa Malawi, ambaye hata hakupakana na Afrika Kusini, alifungua uhusiano kamili wa kibalozi 1967 na Vorster akaenda kumtembelea 1970. Hiyo tofauti waonyeshe wanafunzi, manake mmoja alisukumwa na jiografia na mwingine alijipeleka.

Halafu 1970. Hapa weka alama nyekundu ubaoni. Januari mwaka huo walipiga kura, upinzani wa Ntsu Mokhehle, BCP, ukashinda, na Jonathan badala ya kutoka akafuta uchaguzi, akatangaza hali ya hatari, akasimamisha katiba, Mokhehle akatiwa ndani na Mfalme Moshoeshoe wa Pili akaenda uhamishoni Uholanzi. Nchi ndogo iliyozungukwa, na sasa kiongozi wake hana tena watu nyuma yake.

Ni mtu huyo huyo lakini ndiye baadaye aligeuka akaanza kuwaambia makaburu ukweli hadharani. Wengine husema alitafuta tu sifa nje baada ya kukosa uhalali nyumbani, na mimi siwezi kukataa kwamba hilo lilikuwemo, lakini sifa hainunuliwi kwa bei aliyolipa. Oktoba 1976 makaburu wakaipa Transkei, kipande cha Afrika Kusini walichowatengea weusi, kile walichokiita uhuru, Lesotho ikakataa kuitambua, na watu wa Qacha's Nek, huko milimani kusini mashariki, wakajikuta njia waliyozoea imegeuka mpaka wa nchi ambayo serikali yao inasema haipo. Kukubali muhuri wa Transkei kwenye karatasi yako ni kuitambua, kukataa ni kubaki mlimani bila bidhaa. Lesotho ikakataa, ikaenda mpaka Umoja wa Mataifa, na Desemba 1976 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 402 kuisifu na kuomba nchi zingine ziisaidie. Mwaka huo huo baada ya wanafunzi kupigwa risasi Soweto vijana walikuwa wanavuka kuingia Lesotho wakikimbia risasi, wakapokelewa. Chris Hani wa ANC, chama kilichopigana na makaburu, aliishi Maseru miaka mingi.

Jibu la Pretoria, yaani serikali ya makaburu, lilikuja usiku wa tarehe 9 Desemba 1982. Makomando wa kaburu waliingia Maseru watu wakiwa wamelala, wakaenda nyumba baada ya nyumba, asubuhi watu 42 wamekufa. Thelathini walikuwa wakimbizi kutoka Afrika Kusini na 12 walikuwa Wasotho, wenyeji tu, majirani, kuna wanawake na watoto ndani ya hiyo hesabu. Nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo. Wewe pia nyamaza, wataelewa.

Na waeleze jambo moja ambalo hata mimi lilinichukua muda kulikubali. Yule Mokhehle aliyeibiwa kura 1970, mtu aliyekuwa mkali kwa makaburu kuliko Jonathan, alienda uhamishoni, na kuanzia 1979 wapiganaji wake, Jeshi la Ukombozi la Lesotho, walikuwa wanalipua mabomu Lesotho wakitokea upande wa Afrika Kusini ya makaburu. Wamebadilishana viti kabisa. Aliyepewa magunia sasa anapigwa, aliyewapinga sasa anapitia kwao. Ukiona hivyo unajua Pretoria haikuwa na rafiki wala adui wa kudumu ndani ya Lesotho, ilitaka tu asiwepo mtu wa kusimama wima.

Jonathan akazidi, akafungua milango kwa Urusi, China na Korea Kaskazini. Desemba 1985 Maseru ikavamiwa tena, watu tisa wakauawa. Tarehe 1 Januari 1986 makaburu wakabana mipaka yote. Hawakutuma kifaru hata kimoja, walikagua tu kila gari pole pole mpaka petroli ikaisha, chakula kikaanza kuadimika, na hakuna geti lingine la kwenda kujaribu. Siku 20. Tarehe 20 Januari Meja Jenerali Justin Lekhanya akaipindua serikali, wakimbizi wa ANC wakapandishwa ndege wakapelekwa nchi zingine, na tarehe 25 mpaka ukafunguliwa.

Sasa kile ninachotaka wanafunzi wako wakione: watu wa Maseru walitoka barabarani kushangilia. Hawakuwa wanashangilia makaburu, hapana, wengi wao waliwazika watu wa 1982. Walikuwa wanashangilia kuondoka kwa mtu aliyewanyima kura miaka 16, ambaye 1985 tena alitangaza uchaguzi upinzani ukasusia na wagombea wake wakapita bila kupingwa, ambaye vijana wa chama chake walipewa bunduki na mafunzo ya Wakorea mpaka jeshi lenyewe likawaogopa na kuwachukia. Alikuwa sawa kuhusu makaburu. Lakini geti lilipofungwa alihitaji wananchi waseme tutalala njaa na wewe, na alikuwa ameshawafukuza 1970.

Mwalimu mimi si msomi, nauza nguo na sabuni hapa Busia, navuka kila wiki. Nauliza tu, kwani hakuna sheria ya dunia inasema jirani asikufungie njia? Manake hapa wakifunga siku mbili tu mimi nimeisha. — Mama wa soko, Busia

Mama, sheria iko. Kuna mkataba wa New York wa 1965 kuhusu biashara ya nchi zisizo na bahari, na kuna ule mkubwa wa sheria ya bahari wa 1982 ambao kifungu chake cha 125 kinasema wazi nchi isiyo na pwani ina haki ya kufika baharini na kupitisha mizigo. Lakini ukisoma chini kidogo kifungu hicho hicho kinasema masharti ya kupita watakubaliana wenyewe kwa wenyewe, yaani haki ni yako lakini ufunguo uko kwa jirani, na jirani akitaka kukubana hata hasemi amefunga. Anasema tunakagua, anasema kuna ugonjwa, anasema karatasi zako zina kasoro. Makaburu 1986 walisema ni usalama.

Na tusijidanganye kwamba ni makaburu peke yao. Sisi Wakenya tumeshika ufunguo huo pia. 1976 Amin aliposema sehemu za magharibi ya Kenya ni za Uganda watu walikasirika sana, na ukweli ni kwamba Kisumu na Nakuru zilikuwa ndani ya Uganda ya Waingereza mpaka 1902, wengi wetu hatujui, lakini hakuna aliyekuwa tayari kurudishwa. Halafu Julai mwaka huo baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe na kupitia Nairobi, Amin akawageukia Wakenya waliokuwa kwake, wengi wakapotea, na serikali yetu ikabana mafuta ya kwenda Uganda mpaka Agosti wakapatana. Amin alistahili kubanwa, nasema bila kusita. Ila mwananchi wa Mbale au Jinja aliyekosa mafuta ya taa hakuwa amemtuma.

Nikuambie kitu nilichokiona mwenyewe. Januari 2008 nchi ilipokuwa inawaka, barabara ya kwenda Eldoret imezibwa kwa mawe, reli imeng'olewa kule Kibera, mimi nilitembea mpaka Salgaa hapa juu ya Nakuru kumtafuta ndugu yangu. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka macho yanachoka. Kulikuwa na tanka moja ya namba za Rwanda, dereva amekaa kwenye ngazi ya kupandia, shati jeupe limekuwa rangi ya udongo, anamenya ndizi na kugawia kijana wake wa lori nusu nusu. Alikuwa hapo siku ya sita. Aliposikia naongea Kiswahili chetu akaniuliza, "Mwalimu, mtafungua lini?" Mtafungua. Mimi sikuwa nimefunga kitu, nilikuwa natafuta ndugu yangu kama mtu mwingine yeyote, lakini kwake mimi nilikuwa wenye nyumba. Lile neno halijanitoka. Tangu siku hiyo nikisoma habari ya Lesotho nasoma nikiwa upande wa yule dereva.

Kwa hivyo mama, sheria ishike, lakini weka pia mzigo kidogo akiba nyumbani.

Sasa mbona Botswana haikuanguka? Si hao pia walikuwa wamezungukwa na makaburu? Ama Seretse Khama alikuwa anawalamba miguu? — Kijana wa Kondele, Kisumu

Kijana wangu, hakuwalamba. Hili swali lako ndilo bora katika barua zote na nitakujibu kwa urefu.

Botswana ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966, siku nne tu mbele ya Lesotho. Ilikuwa maskini hata huwezi kuamini, nchi ambayo makao makuu ya serikali yake wakati wa Waingereza yalikuwa Mafeking, nje ya nchi yenyewe, ndani ya Afrika Kusini, ikabidi wajenge Gaborone haraka haraka. Kusini na mashariki kuna makaburu, magharibi kuna Namibia inayotawaliwa na makaburu, kaskazini mashariki kuna Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo. Nchi huru ya Waafrika waliyogusana nayo ni Zambia peke yake, na waligusana kwa kipande kidogo sana mtoni Zambezi pale Kazungula, ambapo palikuwa na feri tu. Na hata hicho kipande makaburu walikibishania, 1970 wakasema hakuna mpaka wa Botswana na Zambia hapo. Fikiria unabishaniwa hata tundu la kupumulia! Botswana haikuachilia. Miaka ya sabini barabara ikajengwa kutoka Nata mpaka Kazungula kwa pesa ya Marekani, na ukienda leo utakuta daraja lililofunguliwa Mei 2021, linapinda ili likwepe Zimbabwe.

Seretse mwenyewe makaburu walimchukia kabla hata hajawa rais. Mwaka 1948 alioa Ruth Williams, mzungu, London, na Pretoria ilikasirika mpaka Waingereza wakamzuia Seretse asirudi kwao mpaka 1956. Mtu kama huyo hawezi kuwa kibaraka. Alikataa kubadilishana mabalozi na Pretoria, alipokea wakimbizi, alikataa kutambua zile nchi za bandia za makaburu. Lakini aliuza nyama na kununua mahindi na kubaki kwenye ule mpango wa forodha, na aliwaambia wapiganaji wazi: kimbilieni kwangu, lakini msipige kutoka kwangu, sina jeshi la kuwakinga. Alikuwa anasema kweli, jeshi la Botswana liliundwa 1977 tu. Watu wengine walimlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, mtu anayesema wazi uwezo wake unaishia wapi unaweza kumpangia, yule anayeahidi kinga asiyo nayo ndiye anaua watu.

Na makaburu walimpiga pia. Yeye alikufa Julai 1980 lakini mwenzake Masire aliyeshika urais alipata kipigo, tarehe 14 Juni 1985 Gaborone ikavamiwa usiku, watu 12 wakafa. Miezi sita kabla ya Maseru ya pili. Sasa linganisha. Vikwazo, vitisho, uvamizi, yote yakafika Gaborone na serikali haikuanguka. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba Botswana ilikuwa inapiga kura kila baada ya miaka mitano tangu 1965, kura zinahesabiwa mpaka mwisho, na upinzani wakiwa bungeni walikuwa wanagombana na Masire lakini hawakuwa na haja ya kwenda kuchukua mabomu kwa jirani. Kaburu alitafuta mtu wa ndani wa kumfungulia mlango akakosa.

Lakini nisikudanganye, kulikuwa na almasi pia. Orapa iligunduliwa 1967, na kufikia 1976 Botswana iliweza kutoa pesa yake yenyewe, pula, wakati Lesotho ilipotoa loti 1980 iliifunga kwa randi na mpaka leo iko pale pale, loti moja kwa randi moja. Na mbuga ya Kalahari ni pana, haizingirwi kirahisi kama milima ya Lesotho. Hayo yalisaidia. Kwa hivyo ukibishana na wenzako hapo Kondele usiwaambie ni demokrasia pekee, watakushika.

Naomba kujua kwa nini Lesotho haikumezwa na Afrika Kusini mara moja tu zikaisha. — Msomaji, Molo

Kwa sababu ya mfalme mmoja aliyejua kuchagua. Moshoeshoe wa Kwanza alijenga taifa lake juu ya mlima Thaba Bosiu, kilele bapa chenye kuta za mawe pande zote, akakusanya watu waliotawanywa na vita akawapa mahali pa kulala. Makaburu wa Orange Free State walimpiga 1858, wakarudi 1865, wakamnyang'anya mashamba mazuri ya ng'ambo ya mto Mohokare, ndiyo maana leo Lesotho imebaki na milima mingi na shamba kidogo. Alipoona atamalizwa akaomba ulinzi wa Waingereza, wakakubali 1868, na inasemekana alifananisha watu wake na chawa ndani ya blanketi ya Malkia. Akafa 1870. Waingereza wakawakabidhi Wasotho kwa koloni lao lingine, Cape Colony, 1871, Cape ikataka kuwanyang'anya bunduki, Wasotho wakapigana 1880 na hawakushindwa, mwishowe 1884 wakarudishwa chini ya London moja kwa moja. Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa 1910 sheria yake ilikuwa na nafasi kabisa ya kuiingiza Basutoland, ndiyo Lesotho ya wakati wa Waingereza, siku za mbele, makaburu wakaomba na kuomba miaka zaidi ya 40, Wasotho wakakataa. Kama wangekubali, wangeangukia apartheid moja kwa moja 1948. Hata ule mto wenye mashamba waliyonyang'anywa bado unawauma, muulize Msotho yeyote.

Mwalimu nakuheshimu lakini toleo baada ya toleo wewe unawatetea hawa madikteta wakitukana wazungu. Jonathan aliiba kura, akafunga watu. Anaweza kuwa jasiri aje? — Mfuatiliaji wako, Bungoma

Ndugu yangu, umeandika kwa hasira na una haki. Simtetei. Nimesema juu hapo na narudia, 1970 aliiba, na wizi huo ndio uliomwangusha. Lakini Desemba 1976 mtoto wa Qacha's Nek asiyelazimishwa kubeba karatasi za Transkei alikuwa na serikali iliyomsimamia, na huyo aliyesimama ni Jonathan. Siwezi kukifuta kile cha pili kwa sababu ya kile cha kwanza. Wale wakimbizi waliopewa chumba Maseru hawakuwa na serikali nyingine ya kuwapokea usiku huo. Mimi nimemaliza hapo, tukutane ana kwa ana tubishane zaidi.

Mimi natoka Sondu, hapa maji ya mto yalipitishwa kwa handaki yakaenda kuzalisha umeme na sisi tukabaki tunaangalia. Nasikia Lesotho pia inauza maji kwa Afrika Kusini. Wanafaidika ama ni makaburu tena? Na saa hii wao na jirani wanaelewana? — Mama wa wajukuu watatu, Sondu

Mama, maji ndiyo yalikuwa yanatakwa tangu mwanzo. Milima ile inanyesha sana na kule juu ya migodi na viwanda vya Johannesburg hakuna maji ya kutosha, mipango ya kuyavuta ilizungumzwa miaka na miaka, na wakati wa Jonathan haikufika mwisho. Angalia tarehe tu: mapinduzi Januari 1986, mkataba wa maji ukatiwa saini tarehe 24 Oktoba 1986. Miezi tisa. Kwangu hizo tarehe mbili zikiwekwa pamoja zinanitosha, ingawa kuna wanaosema mapinduzi yangetokea tu kwa sababu ya ugomvi wa jeshi na vijana wa chama.

Bwawa la Katse lina ukuta wa mita 185 na maji yake yanapita ndani ya milima kwa mahandaki marefu mpaka yanaingia kwenye mito ya Afrika Kusini. Yalianza kwenda 1998. Lesotho inalipwa, na malipo hayo ni pesa ya maana kwa bajeti ya nchi, na njiani maji yanapita Muela yanatoa umeme wa Lesotho yenyewe. Kwa hivyo faida iko mama, nisiseme haiko. Lakini vijiji vilivyohamishwa na vile vilivyobaki juu ya bwawa vimelalamika miaka yote kwamba wanaangalia maji yote yale chini na bomba hawana, wanateremka na ndoo. Unaijua hiyo picha kuliko mimi.

Kuhusu kuelewana, makaburu waliondoka 1994 na Wasotho walishangilia kama sisi wote. Mokhehle alikuwa amesharudi nyumbani, 1993 watu wakapiga kura akachukua viti vyote 65, ile kura ya 1970 ikawa ni kama imelipwa baada ya miaka 23. Lakini Mei 1998 chama tawala kikashinda viti 79 kati ya 80, upinzani ukasema kura si halali, watu wakajaa mbele ya ikulu ya mfalme, askari wakaasi, na waziri mkuu Mosisili akaomba msaada wa majirani. Tarehe 22 Septemba 1998 jeshi la Afrika Kusini likavuka daraja la Maseru. Hii si ya makaburu tena mama, hii ni Afrika Kusini ya Mandela, yeye akiwa safarini nje na Buthelezi akikaimu urais. Botswana nayo ikatuma askari. Mji ukachomwa, maduka yakaporwa, na wale wanajeshi wa Afrika Kusini hawakwenda ikulu peke yake, walienda pia moja kwa moja mpaka Katse, wakapigana na walinzi, na askari zaidi ya kumi wa Lesotho wakafa palepale kwenye ukuta wa bwawa.

Baadaye walikaa chini wakabadilisha namna ya kupiga kura, 2002 wakaanza kugawa viti vingine kwa uwiano ili upinzani usikose kabisa, na hilo lilituliza mambo kiasi. Migodi imepunguza watu sana, wale wanaume 100,000 hawapo tena, sasa ni wadada kwenye viwanda vya nguo Maseru na wengine wanaenda kufanya kazi za nyumbani Afrika Kusini, wanapanga foleni pale darajani asubuhi na mapema, pasipoti mkononi. Na bwawa lingine, Polihali, linajengwa saa hii huko Mokhotlong. Maji yake pia yanaelekea kule kule Gauteng.